Kumwandaa mwanafunzi wa sekondari kwa shindano la igizo dhima la biashara

Mwanafunzi anakabidhiwa karatasi chache zilizobanwa pamoja. Zinamwambia kwamba yeye sasa ni meneja msaidizi wa duka la viatu, mauzo yameshuka miezi mitatu mfululizo, na mwenye duka anamsubiri wazungumze. Ana dakika 10 za kusoma na kujipanga. Zikiisha anaitwa, anaingia, anamkuta mtu mzima ambaye hajawahi kumtia machoni. Huyo ndiye mwenye duka, na huyo huyo ndiye jaji.

Hilo ndilo igizo dhima la biashara. Nimeandaa wanafunzi kwa mashindano haya misimu kadhaa, na nikiulizwa ni jambo gani moja linalomwinua mwanafunzi, sisiti kujibu: ajue kwamba amekwenda kuzungumza na mtu mwenye shida. Wengi huingia kama wanaokwenda kughani shairi walilolikariri. Kila hatua iliyomo humu ipo ili mtoto afike mahali pa kumtazama jaji machoni na kuongea naye kama mtu wa kazini kwake.

Hatua ya 1: Jueni mnaingia shindano gani

Chama cha wanafunzi kinachojulikana zaidi kwa maigizo haya ni DECA, kilichoanzishwa Marekani mwaka 1946. Mashindano yake yamepangwa kwa nyanja: masoko, fedha, ukarimu na utalii, ujasiriamali, uendeshaji wa biashara. Mwanafunzi anayeanza huingia kwenye mashindano ya misingi, ambako ana dakika 10 za kujiandaa na hadi dakika 10 mbele ya jaji. Wanaoshindana mmoja mmoja katika ngazi inayofuata wana muda huo huo, ila kisa ni kizito zaidi. Timu ya watu wawili hupewa dakika 30 za kujiandaa na hadi 15 za kuzungumza. Mbali na igizo, upo mtihani wa maswali 100 ya kuchagua jibu, nao unaingia kwenye hesabu ya mshindi.

FBLA, chama kingine cha wanafunzi wa biashara cha huko huko Marekani, nayo ina maigizo ya aina hii, kwa muda na taratibu zake. Kanuni hurekebishwa kila msimu, kwa hiyo chapisheni mwongozo wa mwaka huu na kuusoma pamoja, mstari kwa mstari. Msitegemee kumbukumbu ya aliyeshiriki zamani. Humu nitafuata mpangilio wa DECA kwa sababu ndio nilioutumia zaidi, lakini namna ya kumwandaa mtoto ni ile ile popote anapokwenda kukaa mbele ya jaji na kisa mkononi.

Hatua ya 2: Anzeni na karatasi ya alama

Hapa ndipo nilipokosea mwaka wa kwanza, na aliyeumia ni mwanafunzi wangu. Alikuwa binti mwenye akili inayochemka. Kisa chake kilikuwa cha duka linalopoteza wateja, naye akabuni kampeni ya matangazo ambayo ningeweza kuipeleka kwa mfanyabiashara yeyote kesho yake. Aliongea dakika saba kuhusu kampeni hiyo. Jaji alitabasamu mwanzo hadi mwisho. Matokeo yalipotoka alikuwa chini kabisa, akanijia machozi yakimlengalenga: “Mwalimu, mbona alisema amependa wazo langu?”

Alilipenda kweli. Ila kwenye karatasi ya jaji mlikuwa na viashiria vitano, na binti yule alikuwa amegusa viwili tu.

Viashiria ni nini? Ni orodha fupi iliyoandikwa juu ya kisa chenyewe, inayotaja mambo ambayo mwanafunzi lazima aonyeshe kwamba anayajua. Mashindano ya misingi huwa na viashiria 4, ya mtu mmoja 5, ya timu 7. Kwenye karatasi ambazo DECA imezitumia kwa miaka mingi kwa mashindano ya mtu mmoja, kila kiashiria kina alama 14. Mara tano, hizo ni 70 kati ya 100. Zinazobaki hugawanywa kwa stadi kama kufikiri kwa kina, kutatua tatizo, kuwasiliana na ubunifu, pamoja na alama chache za jinsi alivyoonekana kwa ujumla na alivyojibu maswali.

Mwekeeni mwanafunzi hesabu hiyo mbele ya macho. Wazo zuri kupita yote, likiwa limeacha viashiria vitatu, haliwezi kulipia pengo la alama 42. Naye mwenye wazo la kawaida aliyeeleza vyote vitano kwa ufasaha atampita. Tangu siku ile, somo langu la kwanza na kikundi kipya ni kuwapa karatasi ya alama tupu na kuwaambia wawe majaji. Nasimama mimi mbele yao, naigiza vibaya kwa makusudi, nao wananipa alama. Wakishaona kwa mikono yao wenyewe jinsi jaji anavyotafuta pa kuweka tiki, hakuna haja ya kuwahubiria.

Hatua ya 3: Daftari la viashiria

Viashiria havibuniwi siku ya shindano. Huchaguliwa kutoka kwenye orodha ndefu iliyochapishwa kwa kila nyanja, na orodha hiyo inapatikana wazi. Hakuna anayeweza kuikariri yote, wala haifai. Lakini ukisoma visa vya mifano kumi vya nyanja moja, utaona viashiria vya namna moja vikirudi rudi: uhusiano na wateja, kushughulikia malalamiko, kupanga bei, kukuza mauzo, kuwapa wafanyakazi motisha, hatari za biashara, mtiririko wa fedha.

Kila mwanafunzi awe na daftari lake, na kwa kila kiashiria aandike mistari mitatu. Wa kwanza ni maana yake kwa maneno yake mwenyewe. Wa pili ni kwa nini mwenye biashara anakijali. Wa tatu ni mfano unaoweza kuhamishwa kutoka biashara moja hadi nyingine. Chukulia mtiririko wa fedha:

Maana: fedha zinavyoingia na kutoka kwenye biashara katika kipindi fulani.
Kwa nini: biashara inaweza kuwa na faida kwenye vitabu na bado ikashindwa kulipa mishahara, kwa kuwa wateja wamechukua mali kwa mkopo na hawajalipa.
Mfano: kuwapa punguzo dogo wateja wanaolipa mapema, ili fedha ziingie kabla tarehe ya mishahara haijafika.

Mistari mitatu, basi. Mwanafunzi aliyeandika hivyo kwa mkono wake ataweza kukieleza kiashiria hicho awe anaongelea hoteli, gereji au kampuni ya bima. Aliyenakili ukurasa mzima wa kitabu atabaki na kitabu kichwani na ulimi mzito.

Mfundisheni pia kusikiliza kitenzi. Kiashiria kinachosema “eleza” kinadai maana na sababu. “Tambua” au “ainisha” kinadai orodha yenye majina. “Pendekeza” kinadai hatua na sababu ya kuichagua hiyo badala ya nyingine. Kinachosema “onyesha” kinadai kitendo chenyewe, pale pale: kikisema onyesha jinsi ya kumtuliza mteja mwenye hasira, mwanafunzi asiseme tu kwamba angekuwa mpole, aseme maneno ambayo angemwambia mteja huyo. Nimeona alama nyingi zikipotea hapa kwa watoto waliojua kila kitu ila hawakusoma neno la kwanza la sentensi.

Daftari hili linasaidia mtihani wa maswali 100 vilevile, maana mtihani na igizo hutoka kwenye orodha moja. Sitaongeza mengi kuhusu mtihani: wafanye mitihani ya zamani, wasahihishe, na kila swali walilokosa liingie kwenye daftari.

Hatua ya 4: Dakika 10 za kujipanga

Dakika kumi zinaonekana chache hadi mtu azizoee. Mwanzoni wanafunzi wote hufanya kosa moja: wanaandika sentensi kamili, dakika zinaisha wakiwa kwenye kiashiria cha pili, kisha wanaingia kwa jaji wakisoma karatasi na kunyamaza pale maandishi yalipokatika.

Mimi nawafundisha hivi. Dakika mbili za kwanza ni za kusoma bila kuandika chochote ila majibu ya maswali manne pembeni ya karatasi: Mimi ni nani? Jaji ni nani? Anataka nini kwangu? Nini kimetokea hadi akaniita? Swali la pili ndilo linalosahaulika, na ndilo linaloamua sauti ya mazungumzo yote. Kuongea na mwenye kampuni si sawa na kuongea na mteja aliyekasirika, wala na mfanyakazi mpya unayemfundisha kazi. Kisa kimoja kinaweza kumfanya jaji yeyote kati ya hao.

Kisha karatasi tupu inagawanywa kwa mistari ya kulala, sehemu moja kwa kila kiashiria. Kiashiria kinanakiliwa kwa kifupi upande wa kushoto, na kulia yanakaa maneno matatu au manne tu: maana, wazo, mfano. Kazi hii iishe dakika ya saba. Dakika ya nane ni ya kutafuta uzi, yaani suluhisho moja kubwa litakaloshikilia viashiria vyote. Ya tisa ni ya sentensi ya kwanza na ya mwisho, na hizo ndizo pekee zinazoruhusiwa kuandikwa kamili. Ya kumi aweke kalamu chini, anyooshe mgongo, avute pumzi.

Wengine watapenda kutafuta uzi mapema zaidi, na akili zao zinafanya kazi hivyo. Waacheni. Kinachotakiwa ni kwamba viashiria viwe vimenakiliwa kabla ya kuanza kubuni, maana ubunifu una tabia ya kumeza muda wote.

Hatua ya 5: Kuingia na kuzungumza

Tuchukue kisa cha kubuni tukitazame kwa karibu. Mwanafunzi ni meneja msaidizi wa mapokezi katika hoteli ya vyumba 120. Jaji ni meneja mkuu. Kila alasiri wageni wanapanga foleni ndefu ya kuingia, na maoni wanayoyaacha kwenye intaneti yanazidi kuwa makali. Viashiria ni vitano: eleza maana ya uhusiano mzuri na wateja, eleza jinsi ya kushughulikia malalamiko, eleza mchango wa wafanyakazi katika sura ya kampuni, tambua njia za kupima kuridhika kwa wateja, pendekeza maboresho ya taratibu za kazi.

Mwanafunzi asiyeandaliwa ataanza hivi: “Habari. Leo nitazungumzia viashiria vitano. Kiashiria cha kwanza ni uhusiano mzuri na wateja, ambao ni…” Hajakosea chochote, lakini meneja mkuu ameshatoka chumbani. Amebaki jaji anayesahihisha.

Msikilize huyu mwingine:

“Habari za asubuhi, Meneja. Asante kwa kunipa nafasi. Nimesoma maoni ya wageni wetu ya wiki hizi, na jambo moja linajirudia: mtu amesafiri mchana kutwa, amefika kwetu amechoka, na kitu cha kwanza tunachompa ni foleni. Ninapendekeza tubadilishe nusu saa hiyo ya kwanza ya mgeni. Naomba nikueleze jinsi gani, kisha nisikie maoni yako.”

Hajataja neno kiashiria hata mara moja. Lakini sasa ana uzi, nusu saa ya kwanza ya mgeni, na kila kiashiria kitaning’inia hapo. Anaendelea:

“Tunapozungumza juu ya uhusiano mzuri na wateja, maana yake ni kwamba kila mgeni anapokutana nasi anaondoka akiamini tunamjali, kiasi cha kurudi na kuwaambia wengine. Mgeni anayerudi hatugharimu matangazo. Kwa hiyo foleni hii inatula fedha, hata kama haionekani kwenye vitabu vya hesabu.”

Hapo kiashiria cha kwanza kimepata maana, sababu na kufungwa kwenye kisa, kwa sentensi tatu. Jaji ana pa kuweka tiki bila kuhangaika. Anapoingia kwenye malalamiko, anataja hatua: kumsikiliza mgeni hadi amalize, kumwomba radhi, kurudia tatizo lake ili ajue ameeleweka, kumpa suluhisho na muda litakapofanyika, kisha kumfuatilia. Anapofika kwenye maboresho, anapendekeza wageni wajaze taarifa zao kwa simu kabla hawajafika, na mfanyakazi mmoja asimame mbele ya meza saa za msongamano.

Ona maneno anayotumia mara kwa mara: “tunapozungumza juu ya”, “maana yake ni”, “kwetu hapa hotelini”. Ni vibao vya njiani vinavyomwambia jaji kiashiria kipi kimefika. Jaji mmoja huwasikiliza wanafunzi wengi siku hiyo, wote kwa kisa kile kile. Akichoka, asiyeweka vibao ndiye anayepotea kwanza. Nawaambia wanafunzi watumie neno lenyewe lililo kwenye kiashiria. Kama kimesema “kuridhika kwa wateja”, waseme kuridhika kwa wateja, wasilipambe kwa neno jingine.

Kuhusu namba: mwanafunzi asibuni takwimu za kampuni ambazo kisa hakikutoa. Akisema “mauzo yetu yaliongezeka kwa asilimia 30 mwaka jana” na kisa hakisemi hivyo, ameanza kujenga nyumba juu ya mchanga. Lakini malengo anaruhusiwa kuyaweka, kwa kuwa lengo ni pendekezo: “ndani ya miezi mitatu tulenge kwamba hakuna mgeni anayesubiri zaidi ya dakika saba.” Lengo lenye kipimo na tarehe humfanya asikike kama mtu anayeifahamu kazi yake.

Mwili nao unasema. Karatasi ya vidokezo ikae juu ya meza, si mbele ya uso. Mikono ionekane. Akitaka kuchora kielelezo kidogo kwenye karatasi yake na kumgeuzia jaji, afanye hivyo. Mchoro wa masanduku matatu yenye mishale umewahi kuwaokoa wanafunzi wangu wengi walioishiwa maneno.

Hatua ya 6: Maswali ya jaji

Majaji hupewa maswali ya kuuliza, na huwa ni yale yale kwa kila mshindani. Hata hivyo hapa ndipo wanaofanana hutengana. Swali moja huwa la fedha kwa namna moja au nyingine: hili litatugharimu nini, na tutajuaje kama limefaa? Jingine huwa la upande wa pili: wafanyakazi wakilikataa je? Mwandaeni mwanafunzi kwa familia za maswali, wala si kwa swali moja moja.

Tulia. Hilo ndilo la kwanza. Sekunde mbili za kimya ni heshima kwa aliyeuliza, wala hazionekani ndefu kwa jaji kama zinavyoonekana kwa mtoto. Kisha jibu moja kwa moja, sababu moja, na kurudi kwenye uzi. Asilisifu swali, asirudie yote aliyokwisha kuyasema. Akikwama, ana jibu la kweli ambalo mfanyakazi yeyote hulitumia: “Kwa sasa sina hesabu kamili, Meneja. Ningeanza na jaribio la wiki mbili kwenye zamu ya alasiri, nikuletee gharama halisi kabla hatujalipeleka kwenye zamu zote.” Huko si kukwepa, kwa sababu amesema atafanya nini, lini, na atamletea nani.

Hatua ya 7: Mazoezi, na haya ndiyo kazi yenyewe

Kama una wiki nane, nashauri mbili za kwanza zisiwe na saa kabisa. Waigize polepole, wakikosea warudi nyuma, wacheke, wazoee kusikia sauti zao wakisema “faida ghafi” na “soko lengwa” bila kujikunja. Saa ikiingia mapema mno, woga unatangulia uelewa.

Kuanzia wiki ya tatu, dakika 10 na 10, kila mara, bila huruma. Kisa kimoja au viwili kwa wiki kwa kila mwanafunzi vinatosha, mradi kila kimoja kijadiliwe. DECA huweka visa vya mifano kwenye tovuti yake. Vikiisha, wanafunzi watunge vyao, na huwa nashangaa jinsi kutunga kisa chenye viashiria vitano kunavyomfundisha mtoto kukisoma kisa cha mwenzake.

Zoezi ninalolithamini kuliko yote ni kubadilishana viti. Mwanafunzi aliyemaliza kuigiza anakaa upande wa jaji, anasikiliza wenzake wawili kwa kisa kile kile na kujaza karatasi ya alama. Atasikia mwenyewe jinsi inavyochosha mtu anaposoma. Atasikia raha ya mtu anayesema “naomba nisikie maoni yako” na kumaanisha.

Rekodi kwa simu. Mwanafunzi atazame kwanza bila sauti, aone mikono inafanya nini na macho yanakimbilia wapi. Kisha asikilize bila picha, ahesabu “yaani” na “kwa hiyo” alizozimwaga. Mmoja alihesabu “yaani” 31 ndani ya dakika nane. Sikumwambia neno. Wiki iliyofuata zilikuwa tisa.

Kuanzia wiki ya tano, leteni majaji wasiowajua watoto. Mzazi anayefanya kazi benki, mwenye kampuni ndogo, mhasibu wa shule nyingine, mtu wa mauzo. Mwalimu wao wanamjua mno, wanajua anapotikisa kichwa maana yake nini. Mgeni hawawezi kumsoma, na shindanoni watakutana na wageni watupu. Mpe mgeni karatasi ya alama na maelezo ya jaji nusu saa kabla, na mwombe mmoja kati yao awe mkavu, asiyetabasamu wala kuitikia. Mtoto aliyezoea jaji mkavu hatashtuka.

Sasa maoni baada ya zoezi. Tukiwa na hamu ya kuwasaidia, tunawapa makosa kumi kwa mpigo, nao wanatoka wakiwa wamebeba mzigo badala ya somo. Taja jambo moja alilolifanya vizuri, kwa maneno yake mwenyewe aliyoyasema. Kisha jambo moja la kurekebisha, na alirekebishe hapo hapo: arudie zile sentensi tatu za mwanzo, au kiashiria kimoja kilichoteleza. Mengine yaandike kwako, yatafika zamu yake.

Niseme neno kuhusu mtoto mkimya, maana walimu wengi humpita wanapochagua timu. Nilikuwa na kijana ambaye darasani sauti yake ilisikika mara mbili kwa muhula. Alikuja mazoezini kwa sababu rafiki yake alimvuta. Kwenye igizo la kwanza alinong’ona. Lakini jaji alipouliza swali, kijana yule alilisikiliza hadi mwisho, akakaa kimya kidogo, akajibu swali lililoulizwa hasa. Wenzake wote waliojaa maneno walikuwa wamejibu swali walilolitaka wao. Sauti tuliifanyia kazi kwa miezi miwili kwa kumweka mwisho wa ukumbi na jaji mwisho mwingine. Uwezo wa kusikiliza alikuja nao, na huo ni mgumu kufundisha. Usimwache mtoto wa namna hiyo nyuma.

Hatua ya 8: Wakiwa wawili

Timu hupewa muda mrefu zaidi, na hatari yake ni kwamba aliye mwepesi wa kusema ataumeza wote. Jaji anatakiwa kuwasikia wote wawili. Wagawane viashiria ndani ya dakika tano za mwanzo, mmoja abebe fedha na vipimo, mwingine watu na mawasiliano, au watakavyoona. Wapeane nafasi kwa maneno ya kawaida: “mwenzangu ameiangalia gharama, atakueleza.” Mmoja akiongea, mwingine amtazame anayeongea au jaji, asiinamie karatasi zake. Na wakubaliane mapema nani anaanza kujibu maswali ya aina gani, wasije wakatazamana.

Hatua ya 9: Siku yenyewe

Mavazi ya kazini yaliyo nadhifu na yaliyokwisha kuvaliwa mara moja kabla, maana viatu vipya vinavyobana vinaonekana usoni. Wafike mapema, wanywe maji, wapashe sauti kwa kuongea na watu badala ya kukariri madaftari kwenye ngazi. Nusu saa ya mwisho mimi huyakusanya madaftari yote na kuwauliza habari za nyumbani kwao. Ulimi unaoongea na mtu dakika tano kabla utaendelea kuongea na mtu ukiingia ndani.

Akitoka, usimuulize kama ameshinda. Muulize meneja alikuwa na shida gani, na yeye alimshauri nini. Asimsimulie mshindani ambaye bado hajaingia, kwa kuwa kisa ni kimoja kwa wote. Lakini kabla saa moja haijapita, akae mahali aandike kwenye daftari lake viashiria alivyopewa, maswali aliyoulizwa na sentensi aliyotamani angeisema. Karatasi za alama zikirudi, ziwekeni kando ya ukurasa huo na kuzisoma pamoja naye, kiashiria kwa kiashiria, kuanzia kile kilichopata alama chache kuliko vyote.